Walitaka Saa, Wakapewa Kofia: Kisa cha Mbio za Barabarani Zilizofunguliwa kwa Wenye Ulemavu

Kwa nini kisa hiki

Mbio za barabarani zimekuwa nyingi Tanzania. Karibu kila mji wenye lami ya kutosha una mbio zake, za hisani au za taasisi fulani, na siku hizi matangazo mengi yana mstari unaosema watu wenye ulemavu wanakaribishwa. Kisa hiki kinahusu mbio mojawapo za aina hiyo katika mji wa Kanda ya Ziwa, kwa miaka miwili mfululizo. Majina ya watu, shule, wadhamini na mji wenyewe yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike.

Mwaka wa kwanza nilikuwepo kama mwalimu aliyewasindikiza wanafunzi. Mwaka wa pili kamati iliniomba niwashauri, kwa sababu nafundisha kitengo cha elimu maalumu na nimekuwa kocha wa riadha kwa muda mrefu. Ninawaandikia waandaaji wa mbio, walimu wa michezo na maofisa michezo wa halmashauri. Mwanariadha mwenye ulemavu anayekuja kwenye mbio amekuja kushindana. Kila uamuzi wa mwandaaji, kuanzia saa ya kuanza mpaka zawadi, ama unampa nafasi hiyo ama unamfanya mgeni wa kupigwa picha.

Mazingira

Mbio zenyewe zina umbali wa kilomita 5, 10 na 21. Zinaanzia na kuishia nje ya uwanja wa michezo, zinapita barabara ya kando ya ziwa ambayo ni tambarare, kisha zile ndefu zinapanda mlima wenye mawe upande wa makazi. Kwenye njia ya kilomita 5 kuna matuta sita ya kupunguza mwendo wa magari, na mteremko mmoja mfupi kabla ya kurudi uwanjani.

Mji una shule ya msingi yenye kitengo cha wasioona na wenye uoni hafifu, ambao wengi wao ni watoto wenye ualbino. Kuna shule ya viziwi. Kuna pia chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, ambacho wanachama wake wengi wanaendesha baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Baadhi yao huzitumia kubeba mizigo sokoni kutwa nzima. Naeleza hili makusudi. Kamati ilikuwa inawafikiria kama watu dhaifu wa kupewa moyo, kumbe ilikuwa inawaalika watu ambao mikono yao inafanya kazi ya mazoezi kila siku ya Mungu.

Kisheria hakukuwa na utata. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikawa na Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 30 ya mkataba huo inazungumzia michezo moja kwa moja: watu wenye ulemavu washiriki michezo ya kawaida katika ngazi zote kadiri inavyowezekana, wapate pia michezo iliyoandaliwa mahususi kwa ajili yao, na watoto wenye ulemavu wacheze na kushindana sawa na watoto wengine, shuleni ikiwemo. Hakuna aliyepinga hayo kwenye kamati. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza yatafanyikaje saa 12 asubuhi barabarani.

Mwaka wa kwanza: kilichotokea

Kamati ilipanga mbio maalumu za mita 500 kwenye barabara inayoingia uwanjani, baada ya mbio nyingine zote kumalizika na mgeni rasmi kuwasili. Ratiba ilisema saa 3 asubuhi. Washiriki, wasiozidi 30, waliambiwa wafike saa 12. Mgeni rasmi alichelewa, wakaanza inakaribia saa 4. Watoto wenye ualbino walikuwa wamekaa muda wote huo kwenye jukwaa lisilo na paa, na kwa ngozi zao hayo yalikuwa madhara tosha hata kabla ya kukimbia.

Wote waliwekwa mstari mmoja: baiskeli za mikono, viti mwendo vya aina ya hospitali, watu wa magongo, wasioona, viziwi, na watoto wenye ulemavu wa akili. Filimbi ikapulizwa. Viziwi waliondoka walipoona wenzao wameondoka. Mvulana asiyeona wa darasa la saba alikabidhiwa kwa bwana mmoja wa kujitolea dakika chache kabla. Yule bwana alikuwa amevaa viatu vya ofisini. Alimshika kifundo cha mkono, akawa anamvuta. Mtoto alikimbia mwili umepinda upande mmoja, mguu wa kushoto ukipapasa ardhi kabla ya kukanyaga. Aliyewahi kumfundisha asiyeona kukimbia anaujua mkao huo. Ni mkao wa mtu asiyemwamini anayemwongoza.

Baiskeli zilifika mbele kwa mbali, kama ambavyo ungetarajia. Mnyororo unaozungusha gurudumu kubwa haushindani kihalali na viganja vinavyosukuma ringi ya kiti. Walioshinda waligeuza, wakarudi njia ile ile kupokea shangwe, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akisimamia upande wa kumalizia, wakakutana uso kwa uso na waliokuwa bado wanakuja. Mwanamke mmoja kwenye kiti mwendo alipinda kuwakwepa. Gurudumu dogo la mbele likanasa kwenye ufa wa lami, kiti kikapinduka. Alichubuka kiwiko na bega, akainuliwa, akamaliza.

Kila mshiriki alipewa kofia, fulana na mfuko wa unga. Mshereheshaji akatangaza kuwa wote ni washindi. Yule mvulana aliniuliza amekimbia kwa dakika ngapi. Hakuna aliyekuwa amempima mtu yeyote. Mashine ya kusoma chipu, kile kifaa kidogo anachovaa mkimbiaji ili muda wake upimwe, ilikuwa imezimwa baada ya mshindi wa mwisho wa kilomita 21 kupewa medali yake.

Kikao cha tathmini

Wiki iliyofuata kamati iliwaita wawakilishi wa shule na vyama, ikitarajia kwa nia njema kabisa kupokea shukrani. Yakaja malalamiko.

Mwanamke aliyeanguka hakulalamikia kiwiko. Alisema amejifua jioni kwa miezi kwenye barabara ya ziwa, akashindanishwa na baiskeli, na mwisho hajui kama mwendo wake ni mzuri au mbaya. Mwakilishi wa viziwi aliuliza, kupitia mkalimani wa lugha ya alama, kwa nini walitengwa na mbio za kilomita 10 ilhali miguu yao haina tatizo lolote. Mama wa mtoto mwenye ualbino aliuliza nani aliruhusu picha ya mwanawe kuwekwa kwenye ukurasa wa mdhamini ikiwa na jina la shule. Swali hilo lilinyamazisha chumba. Katika kanda hii familia hazijasahau mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, na mzazi anayekataa mtoto wake kuonyeshwa mahali anaposoma ana sababu nzito.

Mjumbe mmoja alisema kwamba kama hali ndiyo hii, ni heri kuachana na jambo hili kuliko kulaumiwa. Ndipo nikawaeleza habari za Bob Hall, Mmarekani aliyetaka kukimbia Boston Marathon kwa kiti mwendo mwaka 1975. Mkurugenzi wa mbio alimpa sharti: akimaliza chini ya saa 3 atapewa cheti kama wakimbiaji wengine. Alimaliza kwa saa 2 na dakika 58. Alipewa kipimo, akakifikia, na mlango ukafunguka kwa waliomfuata. Kamati ilielewa. Kazi ya mwaka wa pili ikaanza na swali moja: ni nani anapimwa, na dhidi ya nani?

Maamuzi ya mwaka wa pili, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuifuta kabisa mbio maalumu ya mita 500. Washiriki wenye ulemavu wangekimbia kilomita 5 siku ile ile, njia ile ile, kwa chipu zile zile. Vyenye magurudumu vingeanza saa 12:45, wakimbiaji wote wa miguu saa 1 kamili. Mbio kubwa kama Boston na New York nazo huanzisha viti mwendo mapema, kwa sababu ya usalama: kwenye mteremko kiti cha mashindano kinaweza kupita kilomita 50 kwa saa, na hakiwezi kukwepa umati. Vya kwetu havina kasi hiyo, lakini baiskeli ya mikono yenye mtu na fremu ya chuma ni nzito, na kuisimamisha ghafla ni shida. Saa hiyo ilikuwa na faida nyingine: wenye ualbino wangemaliza kabla jua halijawa kali.

Makundi yalichukua vikao vingi kuliko jambo lolote. Riadha ya kimataifa ya watu wenye ulemavu ina madaraja yanayoandikwa kwa herufi T na namba: 11 hadi 13 kwa wasioona na wenye uoni hafifu, 20 kwa ulemavu wa akili, zile za 30 kwa mtindio wa ubongo na hali za jamii hiyo, 51 hadi 54 kwa viti mwendo, 61 hadi 64 kwa wanaokimbia kwa miguu ya bandia. Kumweka mtu kwenye daraja ni kazi ya wataalamu waliosomea, na hatukuwa nao. Kamati ilikubali kutojifanya inao. Tukatengeneza makundi ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuyahakiki kwa macho: baiskeli za mikono, viti mwendo, wanaokimbia na mwongozaji, wenye uoni hafifu wanaokimbia wenyewe, na wenye ulemavu wa viungo wanaokwenda kwa miguu, kwa magongo au bila magongo. Kundi hili la mwisho lilikuwa pana mno. Tulijua, na tukasema hivyo kwenye fomu ya usajili.

Viziwi hawakuundiwa kundi. Wenyewe ndio waliokataa. Wana michezo yao ya kimataifa tangu ile ya Paris mwaka 1924, na hawamo kwenye Paralimpiki. Barabarani walitaka kuhesabiwa na wakimbiaji wengine wote. Walichohitaji ni ishara ya kuanzia inayoonekana na mkalimani kwenye maelezo ya asubuhi. Tukaamua bendera kubwa nyekundu iangushwe kwenye jukwaa la juu sambamba na honi.

Kwa watoto wenye ulemavu wa akili tulifuata utaratibu wa Special Olympics: wiki mbili kabla tuliwakimbiza mita 400 kwenye uwanja wa shule, tukawapanga kwa muda waliokimbia, kisha siku ya mbio kila mtoto akashindana na wanaolingana naye. Hawa walibaki uwanjani, hawakwenda barabarani. Wazazi wawili walitaka watoto wao wakimbie kilomita 5, na baada ya kuona mazoezi yao hatukuwa na sababu ya kuwazuia.

Waongozaji na kile kipande cha kitambaa

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo mbio nyingi zinapokosea. Mwandaaji hudhani mwongozaji ni mtu mwenye huruma na macho mawili. La hasha. Mwongozaji lazima awe mwepesi kumzidi anayemwongoza, kiasi cha kuweza kuongea wakati mwenzake anahema. Kwenye fainali ya mita 5,000 ya Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, Mkenya Henry Wanyoike alikuwa na kasi kuliko mwongozaji wake. Yule mwongozaji aliishiwa nguvu karibu na mwisho, na Wanyoike, asiyeona, ikabidi amkokote mpaka mstarini. Alipata dhahabu, lakini ilikuwa kidogo imponyoke.

Mji wetu una vikundi vya jogingi vinavyokimbia kila Jumamosi alfajiri, wakiimba na kupiga filimbi. Tuliwaendea hao. Tuliwapima muda wao wa kilomita 5, tukawalinganisha na muda wa kila mkimbiaji asiyeona, na tukaoanisha kwa urefu pia, maana mkono wa mrefu na wa mfupi haupandi pamoja. Kila mkimbiaji alipewa waongozaji wawili wa kupokezana katikati ya njia, kama kanuni za kimataifa zinavyoruhusu kwenye mbio ndefu.

Kamba tulizijaribu za aina kadhaa. Ya manila ilichubua vidole. Ya mpira wa tairi la baiskeli ilivutika kwenye kona, kisha ikarudi ghafla na kumtoa mtoto kwenye mstari. Tuliyoishia nayo ni kipande cha khanga kilichokunjwa mara nne na kushonwa, chenye kitanzi kila upande cha kuingiza vidole vitatu, urefu wake usizidi sentimita 30. Hakivutiki, kinashika jasho, na mkimbiaji anahisi kila bega la mwenzake linapogeuka. Mkono wa kulia wa mmoja na wa kushoto wa mwingine vinapaswa kwenda na kurudi kwa pamoja. Hapo ndipo unajua wameelewana. Maneno nayo tuliyafupisha. Kwa tuta, mwongozaji anahesabu hatua: tatu, mbili, moja, panda. Kwa kona anasema upande kwanza, kisha ukali wake. Na tuliwaeleza kanuni mbili bila kuzilegeza: mwongozaji havuti, na mstari wa mwisho anatangulia mkimbiaji.

Njia, vyombo na zawadi

Matuta tuliyapaka chokaa nyeupe kwa upana wote jioni ya Jumamosi. Tuta lenye rangi ya lami halionekani kwa mwenye uoni hafifu mpaka mguu umegonga. Wakimbiaji wengine wengi walishukuru pia.

Fundi baiskeli wa mtaani aliajiriwa kukagua kila chombo kwenye mteremko wa geti la uwanja: kinashuka, anaamuru breki, kinasimama au hakisimami. Tulimpa mamlaka ya kukataa. Hilo lilileta ubishi, nami nalitetea hadi leo, kwa sababu ukaguzi usioweza kumkataa mtu haulindi mtu.

Picha na majina yaliamuliwa kwa fomu. Kila mshiriki, au mzazi, alichagua: jina na picha, jina bila picha, au namba ya kifuani tu. Matokeo yangebandikwa kwa kufuata chaguo hilo, na jina la shule lisitokee popote.

Zawadi ndizo zilizokuwa ngumu. Mdhamini alitaka washindi wenye ulemavu wapewe vyakula, na wengine fedha taslimu. Kamati ilisimama kidete mpaka akakubali fedha sawa kwa nafasi tatu za juu za kila kundi la kilomita 5. Sharti lake likawa moja: kundi lenye washiriki chini ya 3 halitolewi zawadi. Lilionekana sharti la haki. Tuliliafiki.

Siku ya mbio

Fundi alikuta breki za baiskeli mbili zimeisha, akabadilisha pale pale. Ya tatu ilikuwa na ufa kwenye mkono wa pedali, sehemu iliyochomelewa zamani, aliikataa. Mwenye baiskeli hiyo alikuwa mshindi wa mwaka uliotangulia, na alikasirika kweli. Mwanachama mwenzake ambaye hakushiriki alimwazima yake, akamaliza wa tatu.

Vyenye magurudumu viliondoka salama na barabara ikiwa imefungwa na askari wa usalama barabarani. Saa 1 honi ikalia na bendera ikaanguka, ila watu wa mbele walikuwa wamesimama juu ya vizuizi kupiga picha, na viziwi waliokuwa katikati hawakuiona. Waliondoka kwa mwendo wa umati, sawa na mwaka wa kwanza. Chipu iliwaokoa wengi, kwa kuwa inaanza kuhesabu mtu anapovuka mstari wa kuanzia, lakini zawadi za kilomita 10 zilitolewa kwa kufuata nani amefika kwanza.

Mvulana yule, sasa kidato cha kwanza, alikimbia na kijana wa jogingi hadi kilomita 2.5, akapokelewa na wa pili. Kubadilishana kulichukua sekunde chache: wa pili alikuwa ameshaanza kukimbia pembeni, akaingiza vidole kwenye kitanzi kabla wa kwanza hajatoa. Alimaliza kwa dakika 24 na sekunde kadhaa, mbele ya mamia ya watu wanaoona. Mwongozaji wa jozi nyingine alitoka kwa kasi ya kujionyesha, akaanza kutembea kilomita ya pili, na mkimbiaji wake akalazimika kutembea naye mpaka kwenye kituo cha kubadilishana.

Kulikuwa pia na mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye fundi wa kuchomelea alijaribu kumtengenezea fremu ya kukimbilia: magurudumu matatu, tandiko, pedi ya kifua, haina pedali, mtoto anasukuma ardhi kwa miguu yake. Chombo cha namna hiyo kilianzia Denmark mwaka 1991, na sasa kina madaraja yake rasmi, 71 na 72. Chetu kilikuwa na usukani unaoyumba. Kwenye mazoezi kilimpeleka mtaroni mara mbili. Tulikizuia. Mtu akajitolea kumsukuma kwenye kiti, naye akakataa, akasema atasubiri chombo chake. Tuliheshimu kauli yake.

Matokeo

Hakuna aliyeumia. Waliosajiliwa walizidi wa mwaka wa kwanza, ingawa si kwa wingi. Kila aliyemaliza aliondoka na muda wake kwenye karatasi. Kikundi kimoja cha jogingi kiliendelea kukimbia na wasioona kila Jumamosi baada ya mbio, bila kuombwa na kamati. Hilo kwangu lina uzito kuliko medali zote za siku ile, kwa sababu mtoto asiyeona sasa ana mazoezi ya mwaka mzima badala ya asubuhi moja.

Wanawake na wanaume walihesabiwa mbali. Viti mwendo vilikuwa na wanawake wawili tu, na kwa sharti la mdhamini hawakupata zawadi. Mmoja ni yule aliyeanguka mwaka wa kwanza. Alikuwa ameshinda kihalali, kwa muda uliopimwa, akaambiwa kundi lake halijatimia.

Wa tatu alikuwepo, lakini njiani. Pamoja na watu wengine kutoka kata za pembezoni, alikuwa akisubiri usafiri. Daladala hukataa kubeba viti, na gari aina ya Noah tuliyokodi ilichukua viti viwili kwa safari. Alifika saa 1 na nusu, njia ya magurudumu imeshafungwa.

Na saa 2 na dakika 20 wafanyakazi wa kampuni ya mapambo walianza kutoa upepo kwenye geti la kumalizia, huku mzee wa magongo akiwa bado kwenye mteremko wa mwisho. Muda wa mwisho uliotangazwa kwa kilomita 5 ulikuwa saa moja na nusu tangu kuanza, yaani saa 2:30. Alifika ndani ya muda, akakuta geti limelala. Msoma chipu alikuwa bado amekaa na mashine yake, kwa hiyo muda wake upo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni yale tuliyoyafanya mapema na watu wanaoijua kazi. Waongozaji walipatikana kwenye vikundi vinavyokimbia tayari; hatukuokota mtu mstarini. Ukaguzi wa vyombo ulifanywa na mtu anayeshika spana kila siku. Makundi yalijadiliwa na watakaokimbia, na ndiyo sababu hatukupata hata pingamizi moja kuhusu nani alishindana na nani. Gharama yake ilikuwa ndogo: chokaa, kitambaa, posho ya fundi na ya mkalimani. Nasisitiza hili kwa sababu udhuru wa kwanza wa kamati nyingi ni fedha, na mambo yaliyotushinda hayakutushinda kwa sababu ya fedha isipokuwa moja, usafiri.

Usafiri tuliuweka mwishoni mwa orodha kama huduma ya ziada. Kumbe ndio uliokuwa usajili wenyewe. Mtu asiyefika hana daraja, hana mwongozaji, hana muda. Lori dogo la wazi lenye ubao wa kupandishia, likianza kuzunguka saa 10 alfajiri, lingebeba viti vyote vya kata zile kwa safari moja.

Sharti la washiriki 3 limenifikirisha zaidi. Kwa macho ni kanuni isiyombagua mtu, lakini makundi ya watu wenye ulemavu ni madogo kwa sababu ya vizuizi vile vile ambavyo mbio zinadai kuviondoa. Mwanamke mwenye kiti mwendo hakosi wapinzani kwa kutotaka kwao; wanakosa viti, wanakosa nauli, na wengine familia hazijawaruhusu kutoka. Kumnyima zawadi kwa uchache wa wenzake ni kumtoza yeye gharama ya vizuizi hivyo. Kulikuwa na njia mbadala: kuunganisha wanaume na wanawake kwa kulinganisha muda na kiwango kilichowekwa mapema, au kumlipa anayevuka kiwango hicho hata akiwa peke yake, kama walivyofanya Boston na cheti cha Bob Hall.

Bendera ilishindwa kwa jambo dogo la mahali ilipowekwa. Taa mbili juu ya nguzo upande wa mbele, zikionekana kutoka katikati ya umati, zingetosha. Zaidi ya hapo, kama viziwi wanahesabiwa na wote, zawadi nazo zingefuata muda wa chipu, au wangepewa nafasi kwenye mstari wa kwanza.

Geti lililolala lilitokana na mkataba. Kampuni ya mapambo ililipwa mpaka saa 2:15. Aliyeandika mkataba hakuwa kwenye kikao kilichopanga muda wa mwisho. Mbio zina watu wengi wanaofanya kazi bila kuonana, na uamuzi wa kujumuisha usipoingia kwenye mkataba wa kila mmoja wao unabaki kwenye muhtasari wa kikao.

Kuhusu picha na majina, nilihofia fomu zingewaogopesha wazazi. Ikawa kinyume: baada ya kupewa uchaguzi, wazazi wengi wa watoto wenye ualbino walikubali watoto washiriki, wakachagua namba tu. Msichana mmoja aliyemaliza wa pili kwenye kundi lake alitaka jina lake lionekane, mama yake hakutaka. Tulifuata la mama, na msichana akapewa cheti chenye jina, cha kuweka nyumbani. Sidhani kuna suluhisho linalowaridhisha wote wawili kwa sasa.

Kwa mbio zinazofuata, kamati imeshaandika yafuatayo kwenye bajeti na mikataba: lori la alfajiri, geti na wafanyakazi wake mpaka saa 3, taa za kuanzia, viwango vya muda badala ya sharti la washiriki 3, na choo cha muda chenye mlango mpana, maana vya uwanjani vina ngazi. Kundi la wanaokwenda kwa miguu litagawanywa, wa magongo peke yao. Fundi amepewa uma wa mbele wa baiskeli kubwa ili apunguze kuyumba kwa ile fremu, na mtoto anaijaribu kila Jumatano kwenye uwanja wa shule. Mdhamini bado hajajibu kama atawalipa wale wanawake wawili zawadi ya mwaka uliopita. Barua ya pili imeshapelekwa.